Ukuta Nilioupaka Rangi

Cherotich mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia hapo chumba cha pili ukikunja nguo, na mama yako akizikunjua tena kwa sababu hajaridhika na vile umezikunja. Ya pasipoti, ya sweta, ya kutompa mtu simu yako kule uwanja wa ndege, hayo amekuambia yeye, na kesho atayarudia ndani ya gari ya jirani yetu Kirui mpaka mpite Mai Mahiu. Mimi sina la kuongeza huko. Sijawahi kupanda ndege na sitajifanya.

Ninaandika kwa sababu mdomo umenishinda. Nimejaribu tangu ile siku ya wageni. Nakukuta jikoni, unaniambia, "Umeamkaje, Baba," unanimiminia chai, unaniuliza kama yule ng'ombe wa kahawia amekunywa dawa. Kila asubuhi hivyo hivyo. Ungenigombeza ningejua pa kuanzia. Hiyo heshima yako, mama, imenimaliza.

Basi wacha niseme hapa kile ambacho sisi sote watatu tunajua na hakuna anayekisema. Unaenda Saudi kuosha nyumba ya watu kwa sababu mimi nilipaka rangi nyumba ya pareto. Utaniambia si hivyo, kazi ni kazi, wasichana wengi wa huku Kuresoi wameenda. Ni kweli wameenda. Lakini wewe ulikuwa umepata sababu ya kubaki, na mimi ndiye niliyeichukua nikaipaka rangi ya mafuta.

Nataka nilielezee jambo hili kutoka mwanzo, hata kama unalijua. Nataka ujue kwamba na mimi sasa nalijua.

Ile nyumba ilijengwa na mzungu wakati mashamba haya yote yalikuwa yake, mawe kwa nje, chokaa kwa ndani, mbao za mwerezi juu. Wanawake walichuma maua ya pareto kwa baridi ya asubuhi, wakayaleta kwa vikapu, yakakaushwa humo juu ya trei za waya na moto ukiwaka chini. Mama yangu, kogo wako, alichuma hapo tangu akiwa msichana. Mzungu akaenda, ushirika ukaingia, naye akaendelea kuchumia ushirika mpaka bei ya pareto ikaanguka na watu wakang'oa wakapanda viazi. Nyapara alikuwa na kitabu cha kuandika nani ameleta nini, na hicho kitabu kilikuwa kinasahau sana, na siku zote kinasahau upande mmoja. Wanawake hawakujua kusoma, wangebisha na nini? Kwa hivyo kila mmoja akajitengenezea alama yake. Akileta kikapu anaikwaruza ukutani kwa msumari, pale ndani karibu na mlango, ili nyapara akijifanya amesahau ashikwe mkono apelekwe kwa ukuta. Chokaa ilikuwa imegeuka kahawia kwa moshi na alama zikatokea nyeupe juu yake. Mguu wa kuku, jicho, jembe, mistari iliyopinda ambayo sijui ni nini. Zilianza kiunoni zikapanda mpaka pale mkono wa mwanamke unafika.

Mimi nilikua nikipita mbele ya huo ukuta kila siku. Sikuwahi kusimama. Wewe ulitoka chuo, ukakosa kazi kama wenzako, na badala ya kukaa hapa ukinuna ukaanza kusimama pale na simu yako ukipiga picha. Halafu ukaanza kuzunguka kwa mabibi wazee ukiuliza nani alikuwa na alama gani. Wakakupa vitu. Vikapu, mizani ya ushirika iliyoliwa na kutu, taa, trei, kipande cha bati, kile kitambulisho cha wakati wa mzungu, ambacho mume wa fulani alivaa shingoni. Ukavipanga kwa rafu mle ndani, kila kimoja na karatasi yake ndogo. Watu walikucheka. Nami nilicheka kidogo, nisiseme uongo.

Ndipo ukasikia serikali inatoa ruzuku ya kutunza majengo ya zamani na vitu vilivyohifadhiwa ndani yake. Uliandika maombi wiki nzima pale mezani. Kabla ya kuyatuma ulikuja kuyasoma mbele ya kamati ya kijiji, pale kanisani, na mwenyekiti wa kamati ni nani? Ni mimi. Ukasoma, "Tunaomba ruzuku ya kuhifadhi nyumba ya pareto na vifaa vyake." Nikainua mkono. Unakumbuka nilisema nini, sivyo?

Nilisema, "Kuhifadhi ni ya mochari, Cherotich. Maiti ndiyo inahifadhiwa. Nyumba inatengenezwa."

Watu walicheka mpaka mchungaji akashika mbavu. Wewe pia ulicheka, ukasema, "Sawa Baba, lakini wao wanaita kuhifadhi." Tukaendelea na ajenda. Nimerudi kwa hicho kikao mara nyingi sana. Neno lilikuwa limewekwa mezani, mbele yangu, na sikuuliza maana yake. Nilikuwa mzee, nilikuwa mwenyekiti, na nilikuwa nimechekesha watu. Mtu akiwa na hivyo vitatu hawezi kuuliza swali.

Pesa zikaja. Si zote, zilikuja za kuanzia paa kwanza. Zile nyingine zingetoka wageni wa serikali wakija kukagua, na ndani ya hizo kulikuwa na mshahara wa mtunzaji wa nyumba, ambaye ni wewe. Mshahara mdogo, lakini wa kila mwezi, hapa hapa nyumbani. Ndugu zako wawili walishahama kitambo. Mama yako akaanza kuimba akikama. Mimi nikaanza kuwaambia watu kule Molo, hata wale hawajaniuliza, kwamba msichana wangu ameandikwa na serikali.

Halafu wakakuita Nakuru kwa mafunzo, na ukiwa huko ukapiga simu kwamba wageni watakuja Alhamisi, mtakuja nao pamoja. Ukasema, "Baba, tafadhali, usiruhusu mtu aguse kitu chochote mle ndani." Nikasema hakuna mtu atagusa. Nilimaanisha hivyo. Nilinunua kufuli mpya siku hiyo hiyo. Lakini kichwani mwangu mimi sikuwa "mtu". Mimi nilikuwa baba yako, mwenyekiti, na fundi wa rangi tangu kabla hujazaliwa.

Wewe unajua sisi tukisikia mgeni wa serikali anakuja. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa. Miti inapakwa nyeupe mpaka kiunoni. Tukiwa shule tulimwagia uwanja maji asubuhi ili diwani asipate vumbi kwa kiatu. Sijawahi kuonyeshwa heshima nyingine. Mgeni akikuta mahali pamechakaa, ni kusema hamkumngojea. Na hawa walikuwa wageni wako. Wangekuja waone ukuta uliochafuka kwa moshi, umekwaruzwa kama wa jela, na waulize huyu baba yake si ni fundi wa rangi?

Nikafungua kufuli langu mwenyewe. Nilitia fila, ule unga wa kuziba mashimo, kwa kila mkwaruzo. Nakuambia kila mmoja, kwa ncha ya kisu, kwa sababu fundi mbaya hupaka juu ya mashimo na mimi si fundi mbaya. Nikapiga msasa mpaka ukuta ukawa laini. Nikapaka krimu juu na maruni chini, vile iko ofisi ya chifu, ile rangi ya mafuta inayong'aa, ya bei. Mizani nikaipaka silva. Vikapu nilimwambia mama yako avioshe kwa sabuni, na usimlaumu, alifanya kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Karatasi zako ndogo nilizing'oa niandike upya kwa herufi nzuri. Mwisho nikaandika juu ya mlango, kwa brashi ile nyembamba, KARIBUNI WAGENI WAHESHIMIWA. Sijawahi kuandika herufi nzuri vile. Nilikuwa na furaha, Cherotich. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sijawahi kufanya kazi nikiwa na furaha namna hiyo.

Mlipofika, yule mama wa serikali ndiye aliingia kwanza. Alisimama katikati, akaangalia huku na huku, akaangalia picha kwa karatasi zake. Akauliza polepole, "Ukuta uko wapi?"

Nikamwonyesha. "Ndio huo, madam."

Wewe ulikuwa bado mlangoni. Ukanitazama. "Baba, hii ni wewe?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Nikakuambia, "Ni mimi. Hukutarajia, eh?"

Uso wako ule siwezi kuuandika. Hukulia, hukupiga kelele. Ulitoka nje ukasimama karibu na tangi la maji, ukatugeuzia mgongo, na yule mama akakufuata akakuwekea mkono begani. Mimi nikabaki ndani na harufu ya rangi yangu. Hata hapo nilikuwa sijaelewa. Nilidhani labda ni maruni, labda wangependa bluu.

Unajua yaliyofuata. Walisema ruzuku ni ya kutunza kilichopo, na kile walichokuja kutunza hakipo. Hawakuwa na ubaya, walisema kwa upole, lakini pesa za pili hazikutoka. Paa limeisha nusu. Kazi yako ikaisha kabla haijaanza. Na kabla mvua hazijaisha yule wakala wa Nakuru anayepeleka wasichana Saudi alikuwa ameketi kwa kiti changu, akieleza mama yako habari za viza.

Sasa nataka nikuambie jambo ambalo sikuiambia kamati, wala mama yako. Wote wanasema nilikosea kwa kutojua. Kirui husema, "Mzee hakujua." Hiyo ni nusu. Nilijua zile alama ni za kina nani. Nilijua mojawapo ni ya mama yangu. Na niliona haya. Ndiyo. Mama yangu alikuwa mtu wa kukwaruza ukuta kwa msumari kwa sababu hakuweza kuandika jina lake, na wageni wenye digrii walikuwa wanakuja kulitazama hilo. Nilisema moyoni, wacha nimfiche, wacha nimpe ukuta kama wa watu waliosoma. Nilidhani namvalisha nguo nzuri.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Unakumbuka mazishi yake. Mimi ndiye niliyetoa maneno ya wasifu wake, nikasema iandikwe kwamba alisoma mpaka darasa la nne. Hakuona hata mlango wa darasa, masikini. Ulipewa usome mbele ya watu, ukafika kwa huo mstari, ukanyamaza kidogo, ukauruka. Watu walidhani ni machozi. Mimi nilijua. Nilikukasirikia siku hiyo, eti umenifanyia kiburi. Leo nakuambia ulikuwa umesimama na mama yangu, na mimi nilikuwa nimesimama na aibu yangu.

Kazi yangu imekuwa hii, mama. Miaka yote kule Nakuru, mwenye nyumba akiona unyevu unapanda ukutani hakuita mtu wa mabomba, aliniita mimi. Paka haraka, mpangaji anaingia mwisho wa mwezi. Nikipaka inapendeza. Mpangaji anaingia na watoto wake na kifua kinaanza kuwabana, na mimi niko mtaa mwingine. Nimefunika mambo mengi kwa mikono hii na nikalipwa, na mtu akilipwa kwa kitu sana anaanza kudhani ni wema.

Ndiyo maana kuna jambo moja nakuomba, na si amri. Ukifika huko tutapiga simu, na mama yako atakuuliza uko aje, na utasema, "Niko poa." Nakujua. Hata ukiwa na njaa utasema uko poa. Hata wakikufungia mlango. Utasema hivyo ili tulale. Usifanye hivyo. Ukisema uko poa na hauko poa, utakuwa umechukua hicho kitu kwangu, na sitaki uchukue hicho. Chukua kingine chochote. Ukiumia sema umeumia. Tukilia tutalia, machozi hayajaua mtu hapa. Nitauza ng'ombe, nitauza hata ngazi yangu, urudi. Lakini siwezi kukufuata mahali ambapo hujaniambia uko.

Nimalizie habari ya ukuta. Ulipokuwa ukishughulikia makaratasi Nairobi, niliingia mle ndani na skrepa ya kukwangua rangi. Nilidhani, kilichopakwa na mimi kitatolewa na mimi. Nikaanza pale karibu na mlango, polepole. Rangi ikatoka, na fila, na chokaa ya zamani nayo ikafuata, ikaanguka mguuni kwangu ikiwa unga. Nikaona jiwe tupu. Nilikaa chini hapo. Yule mama wa serikali alipita siku hizo akielekea Bomet, akasimama kutusalimia, hakutumwa na mtu. Nikamwonyesha. Aliniambia chini ya hiyo rangi bado huenda kuna kitu, na siku moja anaweza kuja mtu mwenye dawa na ujuzi wa kuitoa bila kuubomoa ukuta. Labda baada ya miaka mingi. Labda asije. "Lakini mzee, kila ukijaribu kusaidia unaondoa kidogo. Wacha kabisa."

Niliweka skrepa chini na sijairudia. Ni ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mikono yangu inataka kutengeneza. Hata na wewe inataka. Kesho nikikubebea begi nitataka kukuuliza kama umenisamehe, na nikikuuliza utasema ndiyo, kwa heshima, na utakuwa umesema kitu ambacho labda bado hakipo. Kwa hivyo sitauliza. Ukiwa na hasira nenda nayo, ni yako, ni ya haki. Sitaipaka chochote juu.

Ila nikiri jambo la mwisho. Mama yako aliniambia kwamba kogo, zile siku zake za mwisho ulipokuwa ukimtoa juani, alikuomba umpeleke mpaka nyumba ya pareto, akashika kidole chako akakiweka ndani ya alama yake. Picha zako bado ziko kwa ile kompyuta ya kamati. Nimeziangalia, Kirui akinifungulia moja baada ya nyingine. Alama zote zipo, zinaonekana vizuri. Na mimi mtoto wake, niliyelala mgongoni kwake akizikwaruza, sijui ya mama yangu ni ipi. Sikuwahi kumuuliza. Niliijaza fila bila kujua ni hiyo.

Nilitaka kukuomba unionyeshe kesho, kabla hujaingia kwa gari. Hata kwa kidole tu. Nimeandika hilo ombi hapa chini nikalikata, utaona nilipokata. Alikaa na mimi boma moja maisha yake yote na hakunionyesha. Alikuonyesha wewe. Basi nenda nayo, mwanangu, na usinionyeshe. Katika vitu vyote vya mama yangu, hicho ndicho cha kwanza nitakachokiacha kama kilivyo.

Baba yako